Msaada wa kisaikolojia tuliopewa kambini Katesh baada ya tope la Hanang: nyota 4, ya tano nimeibania

Watu wanaandika rivyu za simu na hoteli za Zanzibar, mi leo naandika ya hii huduma, sababu kila mvua ikizidi mahali naona kwenye magrupu ya wotsap watu wanauliza "ivi hao wanaokuja kuongea na waathirika wana faida gani, si bora hiyo hela wanunue unga". Jibu langu ni kwamba unga uje na hao watu pia waje, ila inategemea wamekuja kufanya nini, maana mi nimekutana na aina tatu za huduma ya namna hiyo na zinapishana mno.

Kwa ambao mmeshasahau, ni lile tope la Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua za El Nino zilikuwa zimenyesha weee, alfajiri kipande cha mlima Hanang, huku kwetu Manyara, kikameguka kikashuka na mawe na magogo, kikapita Jorodom, Gendabi nako, mpaka Katesh mjini sokoni. Walikufa watu 89 na kaya zaidi ya elfu moja ziliguswa. Sisi tulipoteza vyumba viwili na duka la mitumba lote, shemeji yangu alipoteza mke. Tukapelekwa kambini kwenye shule.

Sasa pale kambini ndo walikuja. Kulikuwa na maafisa ustawi wa jamii na vijana wa kujitolea, wamevaa vizibao, na mi nikajua hawa sasa wanakuja na daftari watuulize "unajisikiaje" kama waandishi wa habari waliokuwa wamejaa pale wanakusogezea maiki mdomoni mama wa watu hajampata mtoto wake bado. Kumbe hapana. Yule dada aliyekuja kwenye darasa letu swali la kwanza lilikuwa "mama mmekula?" la pili "kuna mtu wenu hamjampata?" la tatu kama kuna mtu anatumia dawa za kila siku za presha au sukari au ARV zimebaki kwenye tope. Akaandika. Mchana akarudi na majibu, dawa za presha za mama mkwe zimepatikana, na jina la jirani yetu ambaye tulikuwa hatumuoni kumbe yupo hospitali Babati. Hapo alikuwa hajanitibu kitu chochote ila usiku ule nililala kidogo, na niwaambie ukweli nilikuwa sijalala tangu Jumapili.

Baadae ndo nikaja kujua hiyo kitu ina jina lake, inaitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na ina mwongozo wake kabisa ambao WHO (Shirika la Afya Duniani) na wenzao waliutoa 2011. Ina mambo matatu, angalia, sikiliza, unganisha. Unaangalia kwanza nani yuko hatarini na nani amechanganyikiwa zaidi, unasikiliza anayetaka kuongea bila kumlazimisha asiyetaka, unamuunganisha mtu na kile anachohitaji, iwe blanketi, ndugu yake, daktari au mchungaji. Na ata asiyekuwa daktari anaweza kuifanya akifundishwa. Wale vijana wengi wao hawakuwa wanasaikolojia na walisema wenyewe wazi.

Kitu cha pili walichofanya ambacho mi nakipa nyota mbili peke yake ni kutuambia mapema mwili utafanya nini. Walikaa na sisi darasani wakasema jamani siku hizi na wiki zinazokuja usishangae ukishtuka lori likipita (lile tope lilikuja linaunguruma kama malori, kila mtu aliyekuwepo atakwambia hivyo), usishangae moyo ukienda mbio, tumbo kuharibika, kichwa kuuma, hasira za bure, kusahau vitu, kuona picha ya tukio ghafla unaosha vyombo, au kutokusikia chochote kabisa, yani umekauka, watu wanalia we unawaangalia tu. Hiyo ya mwisho ndo ilikuwa mimi. Nilikuwa nimeanza kujiona nina roho mbaya, mke wa shemeji amekufa na mi silii. Kuambiwa kwamba ni namna mwili unavyojikinga na kwamba wengi inapungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa, aisee ilinitua mzigo. Sio kwamba ilinitoa machozi papo hapo, hapana, machozi yalikuja Krismasi wakati natafuta sufuria kubwa nikakumbuka haipo.

Alafu kuna habari ya uvumi. Kambini pale kulikuwa na stori kila saa, mara volkano inalipuka, mara kuna moshi umeonekana juu, mara ni nyoka mkubwa ametoka mlimani, mara usiku wa leo linashuka lingine. Watu wanafungasha saa nane za usiku, watoto wanalia, wazee wanakosa pumzi. Serikali ilishatoa taarifa ya wataalamu wa jiolojia kwamba hakukuwa na volkano yoyote, ni mlima kunywa maji mengi mwamba ukawa dhaifu ukameguka, ila hiyo taarifa ilikuwa kwenye tv na sisi tv zetu zipo chini ya tope. Wale vijana wakaanza kila jioni kukusanya watu, wanasema leo kimejulikana nini, kesho kuna nini, chakula kinakuja saa ngapi, nani kapatikana. Basi. Dakika chache tu ila mtu ukijua kesho kuna nini presha inashuka. Walituomba pia tuache kutumiana zile video za tope na maiti, na hapa walipata upinzani mkubwa maana kila mtu alikuwa anazo na kila anayeingia anaonyeshwa. Mi nilifuta. Shemeji hakufuta, akawa anaiangalia ileile usiku kucha mpaka chaji inaisha.

Watoto wao waliwekewa turubai lao, mipira, makaratasi, penseli za rangi. Mwanangu wa kati (yuko la pili) alianza kukojoa kitandani upya na kuning'ang'ania nguo ata nikienda chooni. Mama mkwe akataka achapwe. Yule dada akamuita mama mkwe pembeni kwa heshima akamwambia bibi, huyu mtoto hafanyi makusudi, anaogopa, muacheni alale katikati yenu, muwe mnamwambia mnapokwenda na mnarudi saa ngapi, na mrudi kweli saa hiyo, alafu mpeni kakazi kadogo ka kufanya. Tukampa kazi ya kubeba kikombe cha bibi kwenye foleni ya uji. Nacheka mpaka leo jinsi alivyokuwa anakilinda kile kikombe. Kukojoa kulichukua mda kuisha lakini kuliisha. Na kama uko mbali na huduma kuna namba ya simu kwa watoto kitaifa, 116, ni bure, mi niliipata kwenye bango pale pale.

Mazoezi ya kupumua nilidharau mwanzo. Nikasema mimi nimepoteza duka mnanifundisha kupumua kama vile nilikuwa sipumui. Unavuta pumzi taratibu kwa hesabu ya nne, unaitoa kwa hesabu ya sita, unarudia, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Na ile nyingine ya kutaja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja cha kuonja, pale akili inaporudi kwenye tukio. Zile namba zilinichanganya nikawa nafanya ya kwangu, nahesabu mabati ya paa. Inafanya kazi hivyohivyo. Nimekuja kuitumia kwenye basi la Singida mvua ilipotukuta njiani na abiria wa siti ya nyuma akawa anapiga kelele dereva simamisha, na yeye alikuwa wa Gendabi, tukajuana hapohapo.

Sasa mapungufu, maana sio rivyu ya kusifia tu.

La kwanza lugha. Mama mkwe ni Mbarabaig, Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kununulia chumvi na kuuzia mbuzi. Huwezi kumwambia mtu aseme maumivu yake kwa lugha anayonunulia chumvi. Siku za mwanzo walikuja na binti anayejua Kiiraqw, ikawasaidia Wambulu, wazee wa Kibarabaig wakabaki wanatikisa vichwa tu "ndiyo, ndiyo" na dada wa watu anaandika kwenye fomu yuko sawa. Hayuko sawa! Mama mkwe alikuwa haongei na mtu wala hali chakula. Mpaka alipopatikana mzee mmoja wa kanisani kwao akakaa na wale wazee nje chini ya mti wakaongea kwa lugha yao mpaka jioni, mi sijui waliongea nini na sio lazima nijue, ila mama mkwe alirudi akaomba chai. Kwaiyo ninyi mnaopanga hizi timu, mkalimani asiwe wa kutafutwa siku ya nne, awe kwenye gari la kwanza.

La pili wanaume. Mikutano yote ilikuwa ya kukaa duara, na wanaume wa huku kwetu kukaa duara kuzungumzia moyo hawakai, utawakuta wanne tena wamepitiwa na usingizi. Wanaume walikuwa kwenye tope wanachimba, wanatoa magogo, wanatafuta mabati yao, na jioni wako kwenye pombe ya kienyeji. Mume wangu aliongea kwa mara ya kwanza pale kijana mmoja wa kujitolea alipochukua koleo akachimba naye, hajamuuliza kitu, wanachimba tu, mara mzee akaanza "hapa palikuwa na mlango..." na akaendelea. Yule kijana sijui kama alifundishwa au ni akili yake tu, ila ningekuwa na uwezo ningempandisha cheo.

La tatu ndo kubwa na ndo limekula nyota. Waliondoka mapema mno. Desemba palikuwa na watu wa vizibao kuliko waathirika, kila rangi ya kizibao ipo. Januari shule zinataka kufunguliwa, sisi tukahamia kwa ndugu wa mume, wengine wakapanga, na zile timu zikapungua mpaka zikaisha. Sasa jamani, Desemba mtu yuko na wenzake mia, chakula kinakuja, viongozi wanakuja, Rais mwenyewe alikatisha safari ya Dubai akaja. Unakuwa hujakaa na nafsi yako bado. Shida inaanza mkishatawanyika, uko kwenye chumba cha watu, deni la duka linakusubiri, alafu masika inaanza mwezi wa tatu na mvua inapiga bati usiku. Hapo ndo nilikuwa namtaka yule dada, na namba yake ilikuwa haipatikani. Simlaumu yeye, kazi yake ilikuwa ya mkataba. Ila aliyepanga kwamba huzuni ya watu inaisha pamoja na bajeti ya Desemba huyo namlaumu.

Ule mda wa masika ndo nikajaribu hizo huduma nyingine mbili, nazisema kwa kifupi.

Vidonge. Nilienda duka la dawa muhimu nikasema silali, nikapewa vidonge vya usingizi vimefungwa kwenye karatasi, hakuna cheti, hakuna swali hata moja. Nyota 1, na hiyo moja ni kwa sababu nililala. Ukiamka kichwa kizito kama kimejaa hilo tope lenyewe, na baada ya mda kimoja hakitoshi unataka viwili. Nesi wa kliniki akaja kuniambia acha hiyo kitu taratibu chini ya daktari, maana ni diazepam, inazoeleka, na akasema ata WHO kwenye mwongozo wao wa 2013 hawashauri kupewa mtu mwenye mshtuko wa tukio ndani ya mwezi wa kwanza. Mi nilikuwa nimeshapita mwezi ila nimewaona wengi waliopewa kambini na ndugu zao, tena kwa nia njema kabisa.

Kaunsela wa kulipia. Huyu nilielekezwa na rafiki, yuko mji mwingine, simtaji. Ofisi nzuri, feni, maua ya plastiki. Nimekaa tu akasema nielezee tukio lote kuanzia mwanzo, usiruke kitu, utoe yote yaishe leo. Nikaeleza. Nikafika kwenye sehemu ya yule mke wa shemeji akasema "ulisikia sauti yake? ilikuwaje?" Nilitoka pale natetemeka, nikakaa stendi bila kujua napanda gari gani, na zile picha ambazo zilikuwa zimeanza kupungua zikarudi upya kwa wiki kadhaa. Baadae kwenye kliniki nikaelezwa kwamba ile staili ya kumkamulisha mtu hadithi yote mara moja alafu kwaheri haishauriwi, haizuii kiwewe na kuna wengine inawazidishia. Kuna tiba kweli ya kurudia kumbukumbu, lakini inafanywa na mtu aliyesomea, hatua kwa hatua, vikao vingi, na anakufundisha kwanza kujituliza. Huyu wa feni alikuwa ananifungua alafu ananirudisha barabarani. Nyota 0 kama ingewezekana.

Nawaambia haya kwa sababu watu wanaweka vyote kwenye kapu moja, "nilienda kwa kaunsela hakunisaidia". Uliza alifanya nini.

Shemeji yeye ndo alikuwa tofauti na sisi. Sisi wengine tulikuwa tunaenda tukirudi lakini kwa ujumla tunapanda. Yeye miezi ilipita bado anaamka anapiga kelele, anapita njia ya mbali ili asione korongo, kazi ameacha, pombe asubuhi, na siku moja akasema mbele ya watoto kwamba bora tope lingemchukua yeye. Hapo sio tena mambo ya kupumua kwa hesabu. Pale kambini walitwambia, na nashukuru nilikumbuka, kwamba kama mwezi unapita na dalili haziendi chini, au mtu hawezi kufanya kazi zake, au anaongelea kufa, hapo sio kusubiri, anapelekwa hospitali, na wa kuongelea kufa anapelekwa siku hiyohiyo na haachwi peke yake. Tukampeleka kliniki ya afya ya akili. Kuna ndugu walisema amerogwa, wengine wakasema aombewe. Aliombewa na hospitali akaenda, hakuna aliyekatazwa. Bado anahudhuria, yuko na nafuu, amepata nyumba kule Waret kwenye zile zaidi ya 100 walizojengewa waathirika, na mwenyewe anasema nyumba imemsaidia kuliko sisi wote na maneno yetu, simbishii, mtu akiwa na mlango wake wa kufunga ata usingizi unakuwa mwingine.

Kilichonishika mimi baada ya timu kuondoka ni vikoba, vile vikundi vya kuweka hisa na kukopeshana. Tulikuwa na kikundi kabla ya tope, sanduku lilipotea, tukaanza upya na hisa ndogo ndogo. Tunaweka hela kwanza ndo tunaongea, na hakuna anayekuita mgonjwa. Mmoja wetu alikuwa mmoja wa wale vijana wa kujitolea, mwenyeji wa hapahapa, kwaiyo yale ya kambini anayo kichwani. Ikifika mwezi wa kumi na mbili tunakubaliana mapema nani atalala kwa nani ile tarehe 3, maana mwaka wa kwanza tulidhani tumepona, ikafika wiki ile wote tukawa wakali kama nyigu bila kujua kwanini mpaka mtu mmoja akaangalia kalenda.

Ushauri kwa anayesoma hii yuko kwenye mafuriko au kwao kumeanguka kitu: ukiona watu wa vizibao wanaanza na umekula na nani hajaonekana, kaa nao. Wakianza na maiki au na "tueleze ilikuwaje", una haki ya kusema sitaki kuongea na ukaondoka na blanketi lako. Waulize kabla hawajaenda ni nani atakayebaki, jina na ofisi, sio namba ya simu ya mtu mmoja. Kwa Tanzania halmashauri zina afisa ustawi wa jamii, mi nilikuwa sijui ata mlango wake ulipo, ni ofisi ya kuulizia na kuongea nao hulipi, wao ndo walituandikia rufaa ya shemeji. Ukiwa na mzazi asiyejua Kiswahili vizuri nenda na mtu wa kutafsiri ambaye sio mtoto wake, maana kuna mambo mama hawezi kuyasema kupitia kwa mwanae. Na usikubali kupangiwa siku moja tu, omba na ya baadae, mkishatawanyika.